Kujaziwa ritani ya kipato cha nje hapa Dodoma: steshenari, dawati la TRA au mshauri wa kodi?

Kijana wa Ilazo anayeandika programu kwa kampuni ya London, mhadhiri wa UDOM anayelipwa na chuo cha Norway kwa kazi ya ushauri, mtengeneza video wa Nkuhungu anayelipwa na YouTube: wote watatu wanadaiwa ritani ya kodi, yaani taarifa ya kipato cha mwaka inayotumwa TRA (Mamlaka ya Mapato), hapa nyumbani. Hapa mjini huduma ya kujaziwa ritani hiyo inapatikana kwa namna tatu, na kipimo chetu kwa zote ni kimoja. Je, anayekujazia anauliza kazi umeifanyia wapi na umekaa nchini siku ngapi, kabla hajagusa kibodi? Asipouliza, chukua karatasi zako uondoke, hata kama bei yake ni nafuu.

Maswali hayo mawili ndiyo yanayobeba kila kitu. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mkaazi hutozwa kodi kwa kipato chake cha popote duniani. Asiye mkaazi hutozwa kwa kile tu chenye chanzo Tanzania. Na ukaazi hapa si uraia wala si kadi ya NIDA. Unakuwa mkaazi ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka, hata kama ni wiki mbili. Unakuwa mkaazi pia ukikaa siku 183 au zaidi kwa jumla ndani ya mwaka, au ukiwepo mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Mtumishi wa Serikali aliyepelekwa ubalozini anabaki mkaazi, popote alipo.

Kipengele cha makazi ya kudumu ndicho kinachowaponza wengi. Mtu yuko Qatar kikazi, nyumba yake ipo Kisasa na mke na watoto wanaishi humo, naye huja likizo kila Desemba. Anaamini hahusiki kwa kuwa kazi iko nje na mshahara unalipwa nje. Kwa maandishi ya sheria anahusika, na kwa sababu Qatar haikati kodi kwenye mshahara, hana kodi ya kule ya kuja kupunguza hapa. Ukimweleza mjazaji habari hii akakujibu "hiyo ya nje haituhusu", basi hajui kazi anayoitoza pesa.

Upo mlango mmoja mdogo: mtu ambaye hadi mwisho wa mwaka husika amekuwa mkaazi wa Tanzania kwa jumla ya miaka miwili au pungufu katika maisha yake yote hutozwa kwa kipato cha hapa tu. Huo humfaa mgeni aliyehamia karibuni. Mzaliwa wa Kondoa aliyekulia Chang'ombe haupiti.

Sasa swali la kazi ilifanyiwa wapi. Malipo ya huduma hufuata mahali huduma ilipotolewa, bila kujali fedha imetoka wapi. Kijana wa Ilazo aliyekaa chumbani kwake akaiandikia kampuni ya London programu ametoa huduma Tanzania, kwa hiyo kipato hicho ni cha hapa hapa, ingawa kimekuja kwa pauni. Hili lina uzito. Mteja wa nje akikata kodi yake kwenye malipo ya aina hiyo, usitarajie kuitumia kupunguza kodi ya hapa, kwa sababu nafuu hiyo hutolewa kwa kipato chenye chanzo nje. Video ni jambo tofauti: malipo ya YouTube kwa watazamaji wa Marekani huhesabiwa kuwa mrabaha (malipo ya kutumia kazi yako ya ubunifu) unaotoka Marekani. Mtu mmoja, kompyuta moja, vyanzo viwili.

Tuanze na steshenari, kwa kuwa ndizo zilizo karibu na watu. Kwa kazi ya kuomba TIN (namba ya mlipakodi) kwa mtandao kwa namba ya NIDA, kuchapa risiti na kutoa kontroli namba, zinafaa kabisa. Kwa ritani ya kipato cha nje hatuzipendekezi, na sababu ni makosa yaleyale yanayojirudia. La kwanza ni kuandikisha barua pepe na simu ya mjazaji badala ya zako. Mwaka unaofuata ujumbe wa TRA unaenda kwake, nawe huwezi kuingia kwenye akaunti yako. La pili ni kukuweka kwenye kodi ya wafanyabiashara wadogo inayokadiriwa kwa mauzo. Mfumo huo ni wa mtu ambaye kipato chake chote ni cha biashara yenye chanzo nchini, na huduma za kitaalamu hazimo. Mwandishi wa programu hamo, na mwenye nyumba ya kupangisha nje ya nchi pia hamo. Ukiwekwa humo unalipa kidogo leo, kisha ukaguzi unarudi na tofauti yote pamoja na riba.

Kosa la tatu ndilo linaloharibu hesabu kuliko yote: kuandika kilichoingia benki au kwenye simu badala ya kilichopatikana. Mteja amelipa dola 1,000, jukwaa la kazi za mtandaoni limekata ada, Payoneer (huduma ya kupokea malipo ya nje) imekata yake, ukatoa kwa M-Pesa dola 600 na kuacha zilizobaki. Mapato ni dola 1,000. Ada zinaandikwa upande wa gharama, na kile kilicholala Payoneer kimeshakuwa chako. Kadhalika makato ya kodi ya nje: YouTube ikikata 30% kwenye sehemu ya watazamaji wa Marekani, unaandika kiasi cha kabla ya makato.

Dawati la TRA halikutozi kitu, na kwa mtu mwenye chanzo kimoja cha kipato na vielelezo vilivyopangwa ndilo chaguo letu la kwanza. Watakuelekeza kufungua akaunti, aina ya ritani na namna ya kuituma. Usiwategemee wakupangie gharama zako. Hiyo si kazi yao, ni yako. Nenda Februari. Siku za mwisho za Machi na Juni si za kwenda na swali refu, maana 31 Machi ndiyo tarehe ya makadirio na 30 Juni ndiyo tarehe ya ritani ya mwaka uliopita.

Hayo makadirio ndiyo husahaulika sana. Aliyeajiriwa na kampuni isiyo na ofisi Tanzania hana wa kumkatia kodi ya kila mwezi, na anayefanya kazi zake mwenyewe hali kadhalika. Anapaswa kukadiria kodi ya mwaka mwanzoni na kuilipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukikadiria chini ya 80% ya kodi halisi, riba inakufuata. Ukichelewesha ritani, adhabu ni 2.5% ya kodi iliyobaki kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, au kiwango maalumu kilichowekwa kisheria kikiwa kikubwa zaidi.

Mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA anastahili kulipwa katika hali tatu: una vyanzo viwili au zaidi, kuna kodi iliyokatwa nje, au umeajiriwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, au chuoni na una kipato cha pembeni. Huyu wa mwisho hudhani amemaliza kwa kuwa mwajiri hukata kila mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 1,800,000 kwa mwezi tayari amevuka 12,000,000 kwa mwaka, ambazo zaidi ya hapo kila shilingi hutozwa 30%, kwa hiyo faida ya 5,000,000 kutoka kazi ya ushauri inaangukia yote kwenye 30%, yaani 1,500,000 za kodi. Asipoziweka kando mapema, Juni itamkuta mikono mitupu.

Mpime mshauri kwa hesabu hii. Mtu amepata 33,000,000 kwa kuandika programu na 3,000,000 za watazamaji wa Marekani, kabla ya makato yoyote. Gharama halali ni 6,000,000, zote za upande wa programu. Kinachotozwa ni 30,000,000. Kwa viwango vya mkaazi, 12,000,000 za kwanza hubeba kodi ya 1,536,000. Zilizobaki 18,000,000 kwa 30% ni 5,400,000. Jumla 6,936,000, ambayo ni wastani wa 23.12%. Marekani imekata 900,000 kwenye zile 3,000,000. Kiasi kinachoruhusiwa kupunguzwa hapa hakizidi wastani huo wa 23.12%, yaani 693,600. Kodi ya kulipa inabaki 6,242,400, na zile 206,400 zilizozidi zinapelekwa mbele kwa miaka ijayo. Mshauri anayekupunguzia 900,000 zote anakutengenezea deni. Asiyekupunguzia chochote anakulipisha mara mbili. Kielelezo cha makato hayo ni fomu ya Marekani iitwayo 1042-S. Bila karatasi hiyo hesabu yote haina mguu.

Muulize pia kuhusu kompyuta. Kompyuta ya 2,400,000 haifutwi yote mwaka mmoja. Hupunguzwa kwa 37.5% ya thamani iliyobaki: 900,000 mwaka wa kwanza, 562,500 wa pili, na kuendelea. Na viwango vya kubadilisha fedha: kila malipo hubadilishwa kwa kiwango cha kati cha Benki Kuu cha siku yalipohesabiwa. Anayechukua kiwango cha 31 Desemba na kukizidisha kwa mwaka mzima amekosea, hata kama jumla imependeza.

Mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili Tanzania inayo na Afrika Kusini, Denmark, Finland, India, Italia, Kanada, Norway, Sweden na Zambia. Mhadhiri wetu mwenye mteja wa Norway aombe cheti cha ukaazi wa kikodi TRA kabla ya kulipwa, akitume kule, ili makato yafuate mkataba. Kukitafuta baada ya fedha kukatwa ni kuanza safari ya kudai marejesho kwa barua. Marekani na Uingereza hazimo kwenye orodha hiyo, na mshauri anayekuambia zimo hajaisoma.

Neno moja kwa kina mama wa Majengo na Makole wanaotumiwa fedha na watoto walioko nje: hiyo ni zawadi ya familia, si kipato cha kazi, biashara wala uwekezaji, na haitozwi kodi ya mapato. Usikubali mtu akutoze hela kukujazia ritani kwa ajili yake. Ila mtoto akituma fedha ya kununulia bidhaa za duka lako au pango la nyumba yake aliyopangisha huko, hesabu ya duka na ya pango zibaki wazi, zisichanganywe na zawadi.

Kabla hujalipa ada ya huduma, popote ulipochagua, hakikisha unatoka na nywila iliyo mikononi mwako, nakala ya ritani iliyotumwa, karatasi ya hesabu inayoonyesha kila malipo na tarehe yake, na risiti za malipo ya kodi. Vitunze miaka 5, nje ya simu.