Ramani ya earth.nullschool.net: mkondo na upepo, kila kimoja peke yake

Mimi ni nahodha wa jahazi hapa Lamu. Kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, likichafuka chombo nakipandisha pwani kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na usiku nakaa na simu kutazama bahari. Ninachokisifu leo ni tovuti ya earth.nullschool.net, aliyoitengeneza Cameron Beccario na kuifungulia dunia mwaka 2013. Haina malipo wala matangazo. Programu za upepo ziko tele na baadhi ni nzuri sana kwa utabiri, lakini hii ndiyo inayonipa mkondo wa maji bila kuuchanganya na upepo, na kwa bahari yetu hilo ni jambo kubwa.

Ukiifungua utakuta tufe la dunia na mistari ya upepo ikitiririka. Gusa neno earth lililo chini kushoto, chagua Ocean, kisha Currents. Upepo unaondoka, yanabaki maji. Gusa popote baharini, utapata mwelekeo na mwendo, na ukigusa kipimo chenyewe kinabadilika. Maandishi ni ya Kiingereza, ila ni maneno machache.

Sasa rudisha tarehe hadi Januari, kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, limeshika. Upepo wote unashuka kutoka Arabuni. Tazama maji: toka Rasi ya Delgado, kusini ya Mtwara, mkondo unapita Mafia, Unguja, Pemba, Mombasa, nao unakwenda kaskazini, dhidi ya upepo! Nilimwonyesha mjomba wangu, aliyesafiri na majahazi ya boriti tangu ujana. Akasogeza simu karibu na macho, akanyamaza kidogo, akasema, "Ndivyo, mwanangu. Kaskazi tulikuwa tukishuka na tanga limejaa, na Mombasa haifiki." Sababu iko mbali na pwani. Pepo za kusini-mashariki zinasukuma maji ya Bahari ya Hindi kuja magharibi mwaka mzima. Yakifika Afrika yanagawanyika hapo karibu na Delgado, sehemu inashuka Msumbiji na sehemu inapanda kwetu. Kaskazi halina nguvu ya kuyageuza, linayapunguza mwendo tu.

Kule Somalia ni mambo mengine. Huko kaskazi linaugeuza mkondo kabisa, ukashuka kusini, na mikondo hiyo miwili inakutana huku kwetu, kati ya Malindi na Lamu na juu yake kidogo, kisha yote inakata kwenda mashariki, bahari kuu. Nimeutazama mkunjo huo usiku mwingi na bado sijachoka nao. Ukisogeza hadi Julai haupo tena. Kusi na mkondo vinakwenda upande mmoja, maji yanafika hata maili 4 za baharini kwa saa, yanavuka ikweta karibu na Kismayu na kuungana na mkondo wa Somalia.

Kitu cha pili ambacho kila mwalimu wa jiografia angepaswa kuwaonyesha wanafunzi kiko mbali na pwani, juu ya ikweta yenyewe. Weka Novemba, au Mei, misimu ya kati pepo zinapobadilishana. Mara nyingi utauona ukanda mwembamba wa maji ukikimbia mashariki kuelekea Sumatra. Mtaalamu wa bahari Klaus Wyrtki aliueleza mwaka 1973, na jina lake umebaki nalo. Kwa kawaida mzunguko wa dunia huyapinda maji yanayosukumwa na upepo, kulia kaskazini ya ikweta na kushoto kusini yake. Juu ya mstari wenyewe mpindo huo haupo, maji yanafuata upepo moja kwa moja. Na upepo ukitoka magharibi, maji ya pande zote mbili yanapindia ndani, kuelekea ikweta, yakaongeza nguvu ya ukanda ule.

Upepo huo pia huanzisha wimbi la namna nyingine, linaloitwa wimbi la Kelvin, ambalo huivuka Bahari ya Hindi kwenda mashariki kwa mwezi mmoja na zaidi kidogo. Juu linainua maji sentimita chache tu, usingelihisi ukiwa chomboni. Chini linashusha tabaka la maji baridi kwa makumi ya mita. Usilitafute kwenye kitufe cha Waves, hicho ni cha mawimbi tunayopambana nayo sisi, na kwa hayo kiko sawasawa.

Linganisha na Novemba 2019. Mwaka ule pepo za mashariki zilishika ikweta, ukanda ukadhoofu, maji ya moto yakabaki upande wetu, na mvua za vuli zikafurika Afrika Mashariki. Kuyaona kwa macho ni tofauti na kusikia redioni.

Kasoro yake niseme wazi, maana ni ya usalama. Mikondo hii imekokotolewa kwa urefu wa uso wa bahari unaopimwa na setelaiti, pamoja na upepo, nayo ni ya vipande vya makumi ya kilomita. Maji kujaa na kupwa hayamo. Mlango wa mwamba, njia nyembamba ya Mkanda kati ya Manda na bara, lango la Shela siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana: huko tumia jedwali la maji na macho yako. Pia inahitaji intaneti, kwa hiyo napiga picha ya kioo kabla ya kung'oa nanga.

Kwa kutokea kwenye mlango wa mwamba siipi nyota hata moja. Kwa kuijua bahari kuu naipa zote 5. Walimu, anzeni na Januari na Julai za mwaka mmoja, mwaweke wanafunzi wa pwani na wa bara meza moja, na wa pwani ndio waeleze.