Balsamorhiza sagittata na Wyethia amplexicaulis: anza na jani

Kwenye miteremko ya Milima ya Rocky, Marekani, mimea hii miwili ukiiona kwa mbali ni madoa ya manjano tu. Yote ni ya jamii ya alizeti, kwa hiyo kulikodolea macho ua ili kuitofautisha ni kupoteza muda. Shika jani.

Jani la Balsamorhiza sagittata lina umbo la ncha ya mshale na kikonyo kirefu, na vinyweleo vyake laini hulipa rangi ya kijivu inayoelekea fedha, hasa likiwa changa. La Wyethia amplexicaulis ni refu, la kijani kilichoiva, halina vinyweleo, nalo hung'aa kana kwamba limepakwa vanishi. Hata kipofu angeyatofautisha kwa vidole.

Bado una shaka? Fuata shina la ua. La Balsamorhiza huwa karibu tupu na kwa kawaida hubeba ua moja. Majani makubwa yamejikusanya chini. La Wyethia lina majani yanayolikumbatia, na mara nyingi maua kadhaa.

Udongo nao hudokeza: Wyethia hustahimili mfinyanzi mzito, Balsamorhiza hupendelea usiotuamisha maji. Huo lakini ni ushahidi dhaifu, maana wakati mwingine huota jirani.