choosealicense.com: inakufikisha kwenye leseni, mengine yanabaki kwako

Programu iliyowekwa hadharani bila leseni bado si huria. Msimbo unasomeka, lakini hakimiliki yote ni ya mwandishi, na hakuna aliyeruhusiwa kuutumia wala kuubadilisha. GitHub, jukwaa la kuhifadhi na kushirikiana msimbo, walianzisha tovuti ya choosealicense.com mwaka 2013 ili kumaliza tatizo hilo, na kwa anayeanza sijaona mahali pazuri zaidi.

Ukurasa wa mbele una njia tatu: fuata leseni ya jamii unayojiunga nayo, chukua leseni ya MIT ukitaka iliyo fupi na yenye masharti machache, au leseni ya GPLv3 ukitaka wanaosambaza maboresho wayatoe kwa masharti yaleyale. Njia ya kwanza ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo inayozuia migongano mingi ya leseni. Ukishachagua, unanakili maandishi kwenye faili liitwalo LICENSE katika folda kuu ya mradi.

Kinachonisikitisha ni kwamba leseni ya Apache 2.0 imeachwa nje ya njia hizo tatu. Mpaka uitafute kwenye orodha. Mradi unaotarajia michango ya msimbo kutoka kwa wafanyakazi wa kampuni unaihitaji. Katika kifungu cha 3, kila mchangiaji anatoa ruhusa ya hataza (haki za kisheria juu ya uvumbuzi) zinazoguswa na mchango wake, na anayeishtaki programu hiyo kwa hataza anapoteza ruhusa aliyopewa. MIT haitaji hataza popote.

Tovuti pia haijui umetumia maktaba zipi, yaani msimbo wa wengine uliouingiza kwenye programu yako. Kwa mujibu wa Free Software Foundation, shirika linalotunga leseni za GPL, Apache 2.0 inapatana na GPLv3 lakini haipatani na GPLv2, toleo lililoitangulia. Kwa hiyo maktaba moja tu yenye GPLv2 pekee inaweza kuharibu mpango wote. Kagua leseni za maktaba zako kwanza, ndipo ufungue tovuti.

Kosa jingine hutokea wakati wa kunakili. Kwenye MIT, jaza mwaka na jina lako. Mabano ya nafasi hizo yasibaki. Kwenye GPLv3 usiguse kitu: mstari wa hakimiliki ulio juu unahusu maandishi ya leseni yenyewe, si programu yako, na watu wengi hufuta jina la Free Software Foundation na kuweka lao. Jina lako linakaa juu ya kila faili la msimbo, pamoja na tangazo fupi linalopatikana mwisho wa leseni.

Fanya haya yote kabla ya kupokea mchango wa kwanza. Baadaye, kubadili leseni kwa kawaida kunahitaji ridhaa ya kila ambaye msimbo wake umo.