Asili mbili au asili moja?

Wakatoliki na Waanglikana hapa Kisumu hufuata Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedonia wa mwaka 451: Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mtu, zisizochanganyika wala kutengana. Wakopti, Wakristo wa kanisa la kale la Misri walio jirani zetu Maseno, hukiri asili moja ya Neno aliyefanyika mwili, uungu na utu vikiungana bila kumezana.

Pale Dunga nikimwona mvuvi amelala mtumbwini, kichwa juu ya nyavu zilizolowa, namkumbuka Yesu wa Marko 4, amelala katika shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, kisha akaukemea upepo. Kalkedonia hunihakikishia kwamba uchovu ule ulikuwa wa kweli. Wakopti hunigusa zaidi: aliyelala na aliyekemea ni yuleyule. Kalkedonia nayo yasema hivyo, ila wao huanzia hapo.