Jiko banifu la udongo: miezi minane nalitumia, nisikilizeni

Haya jamani, mie niko Charawe huku Unguja, jirani na msitu wa Jozani, na nyumba ukiona moshi unatoka ujue ni kuni, gesi wanayo wachache na wenyewe wanaipikia chai ya wageni tu. Kuni twaokota uwandani, kwenye eneo la matumizi la kijiji, na hata huko kukata mti mbichi mpaka kamati iseme ndio, Jozani kwenyewe ndo usiseme, ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Sasa wa kuokota ni sote na uwanda ni mmoja, unatoka alfajiri unarudi jua limekaza, shingo ishaingia mabegani. Kwa hivyo hili jiko sikulinunua kwa mapenzi ya mazingira, nlichoka tu. Elfu kumi na tano, kwa fundi mmoja wa huku huku.

Na wallahi linafanya kazi. Tita lililokuwa likiniishia siku mbili kwenye mafiga sasa linafika siku ya nne, ya tano kama sijapika maharage, maana moto umefungiwa ndani haupeperushwi na upepo, wote unapiga chungu. Moshi upo lakini sio ule wa kulia machozi.

Kero sasa. Mdomo wake mdogo, kuni lazima uzipasue vijiti vijiti, kama huna shoka kali utajuta. Kuna shoga yangu kanambia tia mkandaa, ule mti wa mikoko, unawaka kama umemwagiwa mafuta, kweli unawaka, lakini mikoko ya ghuba ya Chwaka ndo wanakokulia kaa na samaki wadogo, na shemeji yangu ni mvuvi, ntamtazama vipi? Sufuria la shughuli halikai kabisa, siku ya maulidi tulirudi kwenye mafiga matatu kama kawaida.

Na kubwa kuliko yote, fundi kaniuzia halijakauka vizuri, siku ya tatu tu likapasuka ubavuni, nikenda kumwambia kanicheka eti nimewasha moto mkali. Nimeliziba mwenyewe kwa udongo wa kichuguu na majivu, mpaka leo limeshika.

Jiko nalipa alama nne kwa tano, fundi mbili. Mukenda kununua ligongeni kwanza kwa kidole, likilia kavu chukueni, likilia zito liacheni hapo hapo juani.