Inner West na Ku-ring-gai: kuunganishwa au kubaki peke yako

Mwaka 2016 serikali ya jimbo la New South Wales, Australia, iliamua kuunganisha halmashauri nyingi za Sydney. Inner West na Ku-ring-gai, halmashauri mbili za jiji hilo, zilifuata njia tofauti kabisa.

Inner West ilizaliwa 12 Mei 2016 kwa tangazo tu la serikali. Ilizimeza halmashauri za Ashfield na Leichhardt, zote zilizoanzishwa 1871, pamoja na Marrickville ya 1861. Madiwani waliondolewa, na msimamizi mmoja aliyeteuliwa akaongoza hadi uchaguzi wa Septemba 2017. Kikao chake cha kwanza kilivurugwa na wakazi waliokuja kupiga kelele, na sishangai: umemchagua diwani wako, kesho yake hayupo. Desemba 2021 wakazi walipoulizwa kwa kura, wengi walitaka halmashauri zao za zamani zirudi.

Ku-ring-gai, iliyoanzishwa 1906 na kupandishwa kuwa manispaa 1928, ilitakiwa kuungana na sehemu kubwa ya halmashauri jirani ya Hornsby. Ikaenda mahakamani. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa iliipa haki: ripoti ya kampuni ya ushauri ya KPMG iliyotumika kutetea muungano ilikuwa imefichwa, hata mtu aliyepewa kazi ya kuuchunguza hakuiona yote. Utapingaje hesabu usizoonyeshwa? Julai mwaka huo serikali iliachana na miunganisho iliyokuwa bado mahakamani.

Halmashauri kubwa hupata nguvu ya kujadiliana na serikali, nakubali. Lakini mimi ningechagua njia ya Ku-ring-gai.