Uzoefu wangu: kulipia hoki ya barafu kwa intaneti nikiwa Malindi

Huduma hii ya kutazama hoki ya barafu nimeilipia msimu mzima, na naiandikia kwa sababu ya mechi ya saba ya fainali ya Stanley Cup, kombe la NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, Florida Panthers na Edmonton Oilers. Fainali hiyo huchukuliwa na anayetangulia kushinda mechi 4. Kule Florida ilikuwa jioni ya tarehe 24 Juni 2024. Hapa Shela, Malindi, ilikuwa saa tisa na ushei usiku, kusi inavuma, nami nimekaa na birika la kahawa na mpwa wangu ubavuni.

Mimi ni wa Panthers. Walikuwa wameshinda mechi 3 za mwanzo, wakapoteza 3 mfululizo, na usiku ule roho ilinipaa. Verhaeghe wetu akafunga, Janmark wa Oilers akasawazisha baada ya dakika mbili na kidogo, kisha Sam Reinhart wetu akatia la ushindi kipindi cha pili. 2-1! Kombe la kwanza tangu klabu ianze kucheza mwaka 1993. Nilienda kuswali alfajiri mikono ingali inatetemeka.

Basi, huduma yenyewe. Sifa yake kubwa ni kwamba mechi nzima inabaki pale, unairudisha nyuma na kuipunguza kasi upendavyo. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, mbona hawa wamebaki wanne?" Nikamrudishia nyuma, nikamweleza: mmoja kafanya faulo, kapelekwa kizimbani, yaani kukaa nje, dakika 2, na wenzake wanacheza wanne dhidi ya watano, makipa hatuwahesabu, mpaka muda uishe au wafungwe. Nafasi hiyo ya walio watano ndiyo pawaplei, na Oilers ndio mafundi wake. Msimu wa 2022-23 walifunga asilimia 32.4 ya nafasi hizo, rekodi ya NHL. Bouchard hukaa juu kwenye mstari wa buluu, pale eneo la kushambulia linapoanzia, akipiga makombora. Hyman humziba kipa macho. Draisaitl hujibanza kulia, karibu na mstari wa goli, kwenye pembe ambayo mwingine asingethubutu kupiga, na McDavid huzunguka akiwavuta walinzi hadi nafasi ipatikane.

Na bado, katika mechi 3 za kwanza za fainali ile, pawaplei yao haikutoa hata bao moja. Mwanzoni sifa zote nilimpa kipa wetu Bobrovsky. Nilipozirudia polepole, jioni baada ya jioni, nikaona kazi ya wale wanne mbele yake: hawakungoja golini, walimkimbilia mwenye paki, kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira, mara tu anapovuka mstari wa buluu, na fimbo zao zikakaa kwenye njia ya pasi ya kwenda kwa Draisaitl. Kwangu mimi kombe lilipatikana hapo, kabla ya bao la Reinhart. Bila zile mechi 3 kibindoni, ya saba isingekuwapo.

Kasoro zipo. Intaneti ikilegea picha inafifia, na paki ina upana wa sentimita 7.6 tu, kwa hiyo kwenye simu huioni kabisa, tumieni televisheni. Mechi ya nne iliganda katikati, nikawaandikia, wakanijibu baada ya siku nne. Linaloniudhi zaidi ni kwamba ukifungua programu asubuhi, matokeo yako usoni kabla hujabonyeza chochote. Sisi ambao mechi zetu huchezwa usiku wa manane tunaharibiwa utamu wote. Waweke namna ya kuyaficha, kwani wengi wetu tuna kazi asubuhi na hatuwezi kukesha kila mara.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Msimu ujao nimeshaulipia, na mpwa wangu kaniomba nimwamshe kila Panthers wanapocheza, hata kesho yake ikiwa ni siku ya shule. Hilo sitamkubalia mpaka mama yake aseme.